Bima hailipi ajali, inalipa faili: namna ya kudai baada ya kugongana

Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya madai, katika ofisi ya dalali wa bima pale mjini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea watu waliotoka kugongwa au kugonga. Wengine walikuja na bahasha nono iliyopangwa vizuri, wengine na simu iliyopasuka kioo, wengine mikono mitupu na hasira. Haikunichukua muda kugundua kwamba anayelipwa mapema si yule aliyeumia zaidi, wala yule mwenye haki zaidi. Ni yule ambaye faili lake halina pengo. Ofisa wa madai hakuwepo Buguruni saa kumi na mbili jioni. Hajui kwamba bajaji ilikuchomekea. Yeye anajua kilichomo kwenye faili, basi.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kutengeneza faili, tangu kioo kinapovunjika hadi pesa inapoingia benki. Fomu na sheria ninazozitaja ni za Tanzania. Msomaji wa Nairobi au Kampala ataona mengi yanafanana, lakini asizibebe namba za fomu zetu akaenda nazo kituo cha polisi cha kwao.

Kwanza jua ulichonunua

Fanya hivi leo, kabla ya ajali yoyote. Toa ile hati ya bima uliyoitupa kwenye droo uisome. Najua imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani na herufi za sisimizi. Soma hivyo hivyo, na usipoelewa mpigie wakala wako simu umsumbue, kamisheni yake ndiyo inalipia usumbufu huo.

Wenye magari wengi wana kimojawapo kati ya viwili. Bima ndogo, yaani thedi pati, ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kwa gari dogo la binafsi watu wamezoea kuilipia shilingi 118,000, ikiwa ni laki moja na VAT yake. Inamlinda mtu mwingine utakayemuumiza au kumuua, na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, mali yake. Gari lako wewe halimo kabisa. Kila mwezi alikuwa anakuja mtu aliyegonga nguzo ya umeme kwa kosa lake mwenyewe, ana thedi pati, anauliza atalipwa lini. Hakuna wa kumlipa. Bima kubwa ndiyo inayolitengeneza gari lako hata kama kosa ni lako, ukiacha yale yaliyoondolewa kwenye mkataba.

Na yaliyoondolewa ndiyo yanayowaua watu. Kuendesha ukiwa umelewa. Kuendesha bila leseni, au kwa leseni ya daraja lisilolingana na gari. Kumwachia usukani dereva asiyeruhusiwa na mkataba. Na hili la siku hizi: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, jioni linabeba abiria wa programu za simu ili lijilipie mafuta. Siku ya ajali abiria yuko nyuma, trafiki anaandika kwenye ripoti kwamba kulikuwa na abiria wa kulipa, na mkataba wako unaishia hapo. Kama gari linafanya biashara, sema wakati wa kukata bima, ulipe kiwango cha biashara.

Kuna mtego mwingine ambao watu hujitegea wenyewe ili kuokoa pesa: kutaja thamani ndogo ya gari. Tuseme gari lako sokoni ni shilingi milioni 20. Kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, ada ni 700,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 826,000. Unaona nyingi, unaandika gari ni la milioni 12, unalipa 495,600. Umeokoa 330,400 na unajiona mjanja. Halafu unagonga, matengenezo yanakuja milioni 5. Kampuni inapima: gari la milioni 20 limekatiwa bima ya milioni 12, maana yake umeweka bima asilimia 60 tu, na asilimia 40 iliyobaki unabeba mwenyewe. Milioni 5 zinakuwa milioni 3. Hapo bado hawajakata eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema ni yako. Ikiwa eksesi ni asilimia 10, unabaki na 2,700,000. Aliyetaja thamani ya kweli angepata 4,500,000. Ile laki tatu na ushee imekula milioni moja na laki nane.

La mwisho katika hili: majina. Kadi ya gari inasema Juma, bima inasema Asha, aliyekuwa anaendesha ni Hamisi aliyelinunua kwa mkono mwaka jana na hajabadilisha umiliki TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Faili la namna hiyo lilikuwa likifika mezani kwangu ninaagiza chai kwanza. Badilisha kadi mapema, na uiambie kampuni ya bima kwamba gari limehama mikono.

Stika nayo ihakiki mwenyewe. Zamani ilikuwa karatasi ya kubandika kwenye kioo, na vishoka walikuwa wakizichapa vichochoroni. Sasa ni ya kielektroniki. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, weka namba ya gari, uone kama bima ipo, ni ya aina gani na inaisha lini. Ukiona mfumo haulitambui gari lako wakati ulishalipa, aliyekuuzia ni kishoka. Ni heri uligundue hilo ukiwa umekaa sebuleni.

Nusu saa ya kwanza barabarani

Simama. Washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma, angalia watu kabla ya bampa. Kama kuna aliyeumia, kazi nyingine zote zinasubiri. Piga 112.

Watu wakiwa salama, toa simu upige picha kabla magari hayajasogezwa. Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Wanapiga picha ya mkwaruzo, karibu kabisa, kama wanampiga picha mtoto mchanga. Picha hiyo inaonyesha rangi iliyobanduka, haisemi nani alikuwa njia gani. Rudi nyuma hatua kumi na tano. Piga magari yote mawili kwa pamoja, mistari ya barabara ikionekana, pamoja na kitu kisichohama: kibao cha kituo cha daladala, taa za barabarani, bango la duka. Piga kutoka pande nne. Kisha ndiyo usogee kwenye vioo vilivyomwagika, alama za breki, namba za magari, halafu uharibifu wenyewe. Piga pia dashibodi ya gari lako inayoonyesha kilomita. Video ya dakika moja ukizunguka eneo zima, ukitaja kwa sauti mahali, tarehe na saa, imewahi kuokoa faili ambalo picha zake zote zilikuwa na giza.

Kisha chukua taarifa za mwenzako: jina, simu, leseni, namba ya gari, na namba hiyo uihakiki hapo hapo kwenye mfumo wa TIRA ujue kampuni yake. Piga picha ya skrini. Tafuta shahidi. Bodaboda waliokaa kijiweni wameona kila kitu, lakini ukiwarudia kesho watakuwa hawajaona chochote. Omba majina mawili na namba zao hapo hapo, tena kwa adabu: "Kaka, samahani, naomba namba yako, trafiki akihitaji mtu aliyeona nimtaje."

Usikiri kosa. Wala usimtukane mwenzako, ila usiseme "samahani, ni mimi" wakati hata hujajua kilichotokea. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni. Pole sema, hiyo haina gharama.

Halafu litakuja neno lenyewe: "Tuyamalize hapa hapa."

Dada mmoja alikuja ofisini na IST yake iliyogongwa nyuma na Coaster ya abiria. Konda alimwambia dada yangu tuyamalize, trafiki atatupotezea siku. Akatumiwa shilingi 150,000 kwenye simu, wakapeana mikono, Coaster ikaondoka. Keshokutwa buti halifungi. Fundi alipofungua akamwonyesha chesisi imekunjika kwa ndani, hesabu ikaja zaidi ya milioni moja. Simu ya dereva haipokelewi. Tukapeleka madai kwenye kampuni ya dada mwenyewe, bima kubwa safi kabisa. Wakauliza ripoti ya polisi iko wapi, hakuna. Wakauliza kama amepokea malipo yoyote kutoka kwa aliyemgonga, na muamala uko kwenye simu. Walikuwa na haki ya kumdai yule dereva baada ya kumlipa mteja wao, na mteja wao ameshaiuza haki hiyo kwa laki na nusu. Walikataa, na kusema kweli sikuwa na la kuwajibu.

Sisemi usimalize kamwe. Mkwaruzo wa bampa ambao fundi anaupiga rangi kwa pesa ndogo kuliko eksesi yako, malizaneni, mwandikishiane karatasi, muende. Kudai bima kwa kitu hicho utapoteza punguzo lako la kutodai, lile la ada kwa asiyedai, na kulipwa hulipwi. Lakini kama kuna aliyeumia, kama gari limegongwa mahali penye chesisi au mfumo wa magurudumu, au kama una shaka hata kidogo, subiri trafiki.

Polisi na fomu zao

Trafiki atakuja, atapima, atachora ramani ya ajali, atachukua maelezo. Iangalie ile ramani kabla hajaikunja. Ukiona mshale wa gari lako umeelekezwa kusiko, mwambie hapo hapo: "Afande, mimi nilikuwa natoka Ubungo naelekea Tabata." Kuirekebisha ikishaingia kwenye jalada ni kazi ya wiki.

Faili la bima litahitaji kutoka polisi ripoti ya awali ya ajali, PF 115. Ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 93, anayoijaza mkaguzi wa magari. Ripoti ya mwisho, PF 90. Na ramani yenyewe. Aliyeumia anapewa PF 3 aende nayo hospitali. Usilipeleke gari gereji kulikunjua kabla ya mkaguzi kuliona, kwa sababu PF 93 inaeleza hali ya gari baada ya ajali, pamoja na kama breki zilikuwa nzima.

Kitu kimoja zaidi, nacho husahaulika kuliko vyote: ushahidi kwamba kosa limeamuliwa. Kama dereva mwenye kosa ameandikiwa faini na kuilipa, kampuni itataka nakala yake. Kama amepelekwa mahakamani, itataka hati ya mashtaka na hukumu. Bila hivyo, kampuni ya aliyekugonga itakuambia kwa upole mkubwa kwamba "suala bado lipo polisi." Fuatilia mwenyewe. Andika namba ya kumbukumbu ya jalada na jina la askari anayelishughulikia, maana askari huhamishwa.

Kuijulisha kampuni

Piga simu siku hiyo hiyo, lakini simu pekee haihesabiki. Mkataba unakutaka utoe taarifa kwa maandishi, na umetaja siku. Zisome. Hata kama hujapata fomu hata moja ya polisi, taarifa itangulie. Barua haihitaji ufundi:

"Ndugu, napenda kuwataarifu kuwa gari lenye namba T … , lililokatiwa bima kwenu kwa hati namba … , limepata ajali tarehe … saa … katika eneo la … . Gari lilikuwa likiendeshwa na … mwenye leseni namba … . Ajali imeripotiwa kituo cha polisi cha … , kumbukumbu namba … . Gari lipo … na halijaanza kutengenezwa. Nyaraka nyingine nitaziwasilisha zikikamilika. Naomba mthibitishe kupokea taarifa hii na mnipe namba ya madai."

Mstari wa mwisho ndio wenye nguvu. Namba ya madai maana yake umeandikishwa. Tuma kwa barua pepe, na kama unapeleka mkononi, nenda na nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Kama ulinunua bima kupitia wakala au dalali, mjulishe yeye pia, lakini usimwachie yeye peke yake kazi ya kuijulisha kampuni. Mawakala wapo wazuri sana, na wapo wanaokwambia "nimeshapeleka" barua ikiwa bado kwenye kiti cha nyuma cha gari lao.

Fomu ya madai

Fomu ina kisanduku kikubwa kinachosema eleza ajali ilivyotokea. Watu wengi wanaandika: "Nilikuwa naendesha kwa mwendo wa wastani, ghafla nikagongwa." Sentensi hiyo niliiona mara nyingi kiasi kwamba nadhani inarithiwa. Haisemi chochote. Andika hivi: "Nilikuwa Mandela Road, njia ya kushoto, natoka Ubungo kuelekea Tabata. Taa zilikuwa nyekundu, nilikuwa nimesimama. Gari namba T … lilinigonga kwa nyuma, likanisukuma nikaigusa pikapu iliyokuwa mbele yangu." Mahali, njia, mwelekeo, hali ya taa, nani alifanya nini kwanza. Acha hukumu, usiandike "dereva mzembe". Na maelezo haya yafanane na uliyoyatoa polisi. Ukisema saa moja huku na saa mbili kule, kuna mtu analipwa mshahara kuiona tofauti hiyo.

Ambatisha nakala ya leseni ya aliyekuwa anaendesha, kadi ya gari, uthibitisho wa bima, picha na nyaraka za polisi zilizopatikana. Usiache kisanduku kitupu. Kama swali halikuhusu, andika halihusiki. Kisha piga picha kila ukurasa kabla ya kukabidhi.

Asesa na gereji

Kampuni itamtuma mtathmini wa hasara, asesa kama tulivyozoea kumwita. Anakuja kuangalia ni nini kimeharibika, kama kweli kimeharibika kwenye ajali hii, na kinatengenezeka kwa shilingi ngapi. Gari lisiguswe kabla hajafika. Ukilazimika kulivuta, vuta, mikataba mingi ina kiasi fulani cha kulipia brekidauni, lakini dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Karatasi ya daftari yenye sahihi ya "Bw. Mangi" hailipiki.

Uwepo asesa anapokagua. Uwe na fundi unayemwamini, kwa sababu asesa anaandika anachokiona na fundi anajua kilichojificha. Gari lililogongwa mbele linaweza kuonekana ni taa na bampa, kumbe rejeta imesukumwa ndani na feni haizunguki sawasawa. Mwambie fundi afungue mbele ya asesa. Ikitokea uharibifu mwingine umegunduliwa kazi ikiwa imeanza, simamisha kazi, omba ukaguzi wa nyongeza. Fundi akiendelea tu, hiyo nyongeza ni yako.

Profoma, yaani makadirio ya bei ya matengenezo, zitatoka gereji. Kampuni nyingi zina orodha ya gereji zao, na nyingine zitakuruhusu uchague. Fundi wa mtaani anaweza kuwa bora kuliko wote, ila kama hana TIN, namba ya mlipa kodi, hana mhuri wala EFD, profoma yake itarudishwa. Angalia pia aina ya spea. Magari yetu mengi ni ya kutoka Japani yaliyotumika, na spea za kutumika zimejaa Ilala. Kampuni ikikukadiria kwa spea za mtumba, uliza hilo limeandikwa wapi kwenye mkataba. Na ikikukatia asilimia ya uchakavu kwa kukuwekea spea mpya mahali pa ile ya zamani, uliza hivyo hivyo. Mara nyingine wako sahihi, mara nyingine ni mazoea tu ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza.

Gari likiisha kutengenezwa watakupa hati ya kuridhika usaini. Usisaini ukiwa umesimama gereji. Liendeshe kwanza barabarani, achia usukani kidogo mahali pa wazi uone kama linavuta upande, piga breki, washa taa usiku. Mzee mmoja mteja wetu alisaini kwa sababu rangi ilikuwa imeng'aa kweli kweli. Baada ya wiki tairi la kushoto mbele lilikuwa limelika upande mmoja hadi waya. Kampuni ikamwonyesha sahihi yake.

Wakikupa hesabu

Ofa ikija, usiangalie namba ya mwisho tu. Dai mchanganuo: makadirio ya asesa, kilichokatwa kwa eksesi, kwa uchakavu, kwa bima pungufu. Omba nakala ya ripoti ya asesa. Kama profoma yako ni milioni nne na yao ni mbili na nusu, tofauti iko kwenye vitu fulani vinavyohesabika, taa moja, mlango mmoja, masaa ya kazi. Jibu kwa maandishi, kitu kwa kitu, na bei za madukani ukiwa umeziambatisha. Kulalamika kwamba "mmenipunja" hakuna anayekujibu. Ukiwaandikia kwamba "taa ya kulia imekadiriwa kwa bei hii, maduka matatu yanaiuza kwa bei hii, profoma zimeambatishwa," inabidi wajibu.

Gari likiharibika kiasi kwamba kulitengeneza hakuna maana, watalihesabu kuwa limekufa. Hapo watakulipa thamani yake, kwa kawaida ile ya sokoni kabla ya ajali na isiyozidi uliyokatia bima, wakatoe eksesi, na mabaki yawe yao. Ukitaka kubaki na mabaki, watakata bei yake. Usikubali bei hiyo kabla hujauliza wanunuzi wawili, kwa sababu mabaki ya gari lenye injini nzima yana bei nzuri kuliko inavyoonekana. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki ndiyo inayolipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki.

Kisha watakuletea hati ya kumaliza madai, dischaji vocha. Ukisaini, umesema umelipwa vyote na hudai tena. Soma kiasi kilichoandikwa, soma kinahusu nini: gari tu, au na majeraha? Nimeona hati ya kulipia bampa iliyoandikwa kwa upana wa kufuta hata madai ya mguu uliovunjika.

Ukigongwa na mwenye bima

Kama una bima kubwa, njia ya mkato ni kudai kwenye kampuni yako, wao wakamfuate mwenzako. Kama una thedi pati tu na umegongwa, unadai kwenye bima ya aliyekugonga. Hapo wewe si mteja wao, na utaliona hilo kwenye jinsi wanavyopokea simu. Unahitaji barua ya madai, nyaraka zote za polisi, ule ushahidi wa faini au hukumu, profoma na picha. Kuna tatizo moja zaidi: yule dereva lazima naye airipoti ajali kwa kampuni yake. Asipofanya hivyo, faili lako linakaa. Mwandikie, mpigie, mwambie kwamba akinyamaza utamdai yeye binafsi, na sheria inakuruhusu.

Walioumia, haraka ni adui yao. Tunza kila risiti, kuanzia gozi hadi nauli ya kwenda Muhimbili, kila cheti cha daktari, barua ya mwajiri inayoonyesha siku ulizokosa kazini. Ofa ya mapema kitandani inavutia kwa sababu hospitali inadai, lakini mguu unaweza kuhitaji upasuaji wa pili mwakani. Usisaini kumaliza kabla daktari hajaandika hali yako ya kudumu. Kwa aliyefariki, familia itahitaji cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa mwili, na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Wajomba wasigombane nani apokee, kampuni itamlipa msimamizi tu. Kwa madai ya majeraha na vifo, mimi ningetafuta wakili mapema, kwa sababu kuna notisi za kuipa kampuni kabla ya kesi, na kuikosa moja kunaweza kulizika dai zima.

Muda nao unakimbia. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kesi ya madhara kama haya ina miaka 3. Kesi ya mkataba, yaani wewe na kampuni yako mwenyewe, ina miaka 6, ila angalia kama mkataba wako haujaweka kipindi kifupi zaidi baada ya kukataliwa.

Wakinyamaza, wakikataa

Ofisini kuna sentensi inaitwa "tunalifanyia kazi." Usiondoke nayo. Uliza: "Dada, faili langu linasubiri waraka gani?" Akiutaja, mwombe akuandikie barua pepe. Akisema hakuna kinachokosekana, nawe mwandikie jioni ile ile: leo tarehe fulani nimeelezwa na ofisi yenu kwamba nyaraka zangu zimekamilika. Siku za kulipa huhesabiwa tangu nyaraka kukamilika, ndiyo maana faili lisilopendwa hupungukiwa karatasi moja kila wiki, na kamwe si zote kwa pamoja.

Wakikataa, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Kataa kuambiwa kwa mdomo. Kisome kile kifungu, umjibu meneja wa madai, nakala kwa mkurugenzi. Ukikwama hapo, peleka malalamiko TIRA, ambao makao yao makuu yako Dodoma na wana ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na pesa za kesi ndefu. Kote huko watakuuliza kwanza kama umemalizana na kampuni yenyewe, kwa hiyo zile barua pepe zako zenye tarehe ndizo utakazoweka juu ya meza. Andika malalamiko kwa ukurasa mmoja, tukio kwa tarehe, viambatisho kwa namba. Niliwahi kuona malalamiko ya kurasa kumi na moja ambayo ajali yenyewe ilitajwa ukurasa wa saba.

Kwa wanaovuka mpaka

Bima yako ya Tanzania haivuki Tunduma wala Namanga peke yake. Kabla ya safari ongezea kadi ya njano ya COMESA kupitia kampuni yako ya bima. Tanzania imo kwenye mpango huo japokuwa ilitoka kwenye jumuiya yenyewe. Kadi hiyo inawalinda watu utakaowadhuru huko Zambia, Kenya au Kongo kwa kiwango cha sheria za kule. Gari lako hailigusi, hivyo kama una bima kubwa uliza kando kama inakufuata hadi Lubumbashi, na jibu lije kwa maandishi. Ukigonga ukiwa huko, chukua ripoti ya polisi ya kule kule kabla hujageuza gari kurudi nyumbani, ikiwa na mhuri na inasomeka, maana kuirudia ripoti iliyosahaulika Ndola ni safari ya siku kadhaa na mafuta yake hakuna bima inayoyalipa.